Mwenye kisukari pia huugua mengine

Leo naweka kando kidogo mambo ya simu na programu mpya, niongee juu ya hospitali. Lakini usiondoke, maana tutarudi kwenye tarakilishi, na mwishoni kuna kazi kwa wenzangu wanaoandika mifumo ya kliniki.

Hoja yangu ni hii. Mtu mwenye ugonjwa unaojulikana akija na lalamiko jipya, lalamiko hilo lichunguzwe kama jipya. Lisitupwe kwenye kapu la ugonjwa wa zamani mpaka kuwe na ushahidi kwamba linatoka huko. Utasema, "Hilo nani asiyelijua?" Kila mtu analijua akiwa ameketi nyumbani na chai yake. Saa nne asubuhi, benchi limejaa wagonjwa sitini na afisa wa kliniki ni mmoja, watu wazuri na wenye akili hulisahau.

Kwa wale wasioandika programu, niwaeleze kwanza sisi tunavyofanya kazi. Programu ikileta hitilafu, mtumiaji anatoa taarifa, na taarifa hiyo inaandikwa kwenye mfumo wa kufuatilia hitilafu. Iko mingi, Bugzilla ya watu wa Mozilla ipo tangu 1998. Kila taarifa inapata namba yake. Anayeipokea anaweza kuifanyia kazi, kuikataa, au kuifunga akisema ni rudufu, yaani hitilafu hii ni ileile ya namba fulani tuliyokwisha kuiandika.

Hiyo ya tatu ndiyo ya hatari. Tuseme kuna seva ambayo kila mtu ofisini anajua inakula kumbukumbu mpaka inazidiwa. Imekuwa hivyo miezi sita. Siku moja mteja anapiga simu kwamba malipo hayapiti. Aliye zamu hata hafungui kumbukumbu za seva. Anasema, "Aah, ni ile memori tu. Izime uiwashe tena." Inazimwa, inawashwa, malipo yanapita kwa saa moja, halafu yanakwama tena. Siku ya tatu ndipo mtu anaangalia na kukuta diski imejaa. Memori haikuhusika kabisa. Hitilafu ya zamani ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoifanya iwe kisingizio kizuri.

Seva unaweza kuizima na kuiwasha. Binadamu hana swichi hiyo.

Madaktari wana jina la tabia hii. Kwa Kiswahili tuseme ni utambuzi kufunikwa na kivuli: ugonjwa wa zamani ni mti mkubwa, na kinachoota chini yake hakionekani. Jina hilo liliingia kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1982, pale Steven Reiss na wenzake huko Marekani walipowapa wanasaikolojia maelezo ya mtu mwenye hofu kali inayomtesa. Maelezo yalikuwa yaleyale, ila baadhi ya wasomaji waliambiwa mtu huyo ana ulemavu wa akili. Hao walielekea zaidi kuiona hofu kama sehemu ya ulemavu tu, na si tatizo linalohitaji tiba yake. Neno moja lilibadilisha macho ya mtaalamu.

Huko Uingereza shirika la Mencap lilitoa ripoti mwaka 2007 juu ya watu 6 wenye ulemavu wa akili waliofariki wakiwa mikononi mwa huduma za afya za umma. Ripoti hiyo iliitwa, kwa tafsiri yangu, "Kifo kwa Kutojali". Ilizua kelele, tume ikaundwa, na mwaka 2013 uchunguzi rasmi wa vifo vya watu wa kundi hilo ukaonyesha kwamba wanaume walikuwa wakifa kwa wastani miaka 13 mapema kuliko watu wengine, na wanawake miaka 20 mapema. Sababu ni nyingi, na kati ya zilizotajwa ni kuchelewa kutambua ugonjwa na kuchelewa kutibu. Mtu asiyeweza kusema "tumbo linaniuma" anapiga kichwa ukutani, na anayemtazama anasema, "Hawa ndivyo walivyo."

Wenye magonjwa ya akili nao wamo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi huondolewa na magonjwa ya mwili yanayoweza kuzuilika. Sasa fikiria kwetu. Mama anajulikana mtaani kwamba "alikuwa Mathari". Anakwenda kliniki akisema tumbo limefura na hajaenda choo siku nyingi. Nani atamgusa tumbo? Wengi wataanza kwa kumwuliza kama amemeza dawa zake. Basi na tuulize hilo vizuri: kuna dawa ya skizofrenia iitwayo klozapini, ambayo inaweza kufanya utumbo ulale kabisa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitia mkazo onyo kwamba kufunga choo kwa anayeitumia kunaweza kufikia hatua ya kuua. Kwa hiyo mama huyu akiambiwa "ni mawazo tu", anaweza kurudishwa nyumbani na utumbo unaokufa.

Orodha ya kwetu unaijua mwenyewe. Mwenye kifafa akianguka, ni kifafa, hata kama safari hii kaanguka kwa sababu sukari imeshuka. Mwenye VVU akikohoa au akikonda, ni "ile", na kwa kuwa kwa miaka mingi alitibiwa katika chumba chake cha pembeni, kile cha CCC, presha yake na figo zake zilikuwa na bahati zikikutana na daktari. Mwenye vidonda vya tumbo akishikwa na kiungulia na jasho jembamba, anapewa dawa ya asidi, wakati mshtuko wa moyo nao huweza kuja na maumivu ya tumbo la juu, na kwa mwenye kisukari huweza kuja bila maumivu ya kifua kabisa. Mwanamke mjamzito? Kila kitu ni mimba. Mzee? Kila kitu ni uzee. Mtu mnene? Apunguze uzito kwanza, goti litaangaliwa baadaye.

Tena kwetu hata ugonjwa usiokuwa wa mgonjwa hutupa kivuli. Malaria ndiyo hitilafu yetu ya zamani ya taifa zima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliokutwa na vimelea vya malaria kwenye damu walikuwa chini ya nusu. Waliobaki walikuwa na kitu kingine, na wengi wao hawakupewa dawa ya hicho kitu kingine. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba anayeshukiwa malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Kipimo cha haraka cha tone la damu kimesambaa, na tabia imebadilika kwa kiasi kikubwa. Nalitaja hili ili uone kwamba tabia hubadilika. Hakuna aliyewaambia wauguzi wawe na roho nzuri zaidi. Waliwekewa hatua moja kati ya kudhani na kutibu.

Sasa turudi kwenye tarakilishi, kama nilivyoahidi.

Mwaka 2023 ulitoka utafiti Marekani ambao kila mwandishi wa programu za hospitali angepaswa kuusoma. Watafiti walichukua rekodi za wagonjwa 108,019 wenye ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu, waliofika katika vitengo vya dharura vya hospitali za maveterani wakilalamika kukosa pumzi. Kukosa pumzi kunaweza kutokana na huo moyo. Kunaweza pia kutokana na bonge la damu lililoziba mshipa wa mapafu, na hilo linaua haraka. Wagonjwa wote walikuwa na ugonjwa uleule wa moyo. Tofauti ilikuwa kwamba baadhi yao, muuguzi wa mapokezi alipoandika sababu ya kuja, alitaja moyo ndani ya sentensi. Wengine aliandika tu kwamba wamekosa pumzi.

Matokeo? Pale moyo ulipotajwa, uwezekano wa kupimwa bonge la damu ulipungua kwa pointi 4.6 za asilimia, na waliopimwa walicheleweshwa dakika 15 na nusu zaidi. Ndani ya siku 30, mabonge yaliyogunduliwa hayakutofautiana kwa maana kati ya makundi hayo mawili. Yaani hatari ilikuwa ileile, ila kundi moja lilitafutwa kidogo zaidi siku ya kwanza.

Hebu soma tena hapo. Kilichobadilisha kazi ya daktari ni maneno machache kwenye sehemu ya kujazia. Sehemu hiyo ya kujazia nani aliiweka? Ni mimi na wewe, ndugu mwandishi wa programu. Sisi ndio tunaoamua nini kionekane juu ya skrini, nini kiwe na herufi nyekundu, na nini kisubiri mpaka mtu abonyeze mara tatu.

Kuna daktari Mmarekani, Lawrence Weed, aliyeliona jambo hili kabla hatujazaliwa wengi wetu. Mwaka 1968 alipendekeza rekodi ya mgonjwa ipangwe kwa orodha ya matatizo, kila tatizo na namba yake, ushahidi wake na mpango wake. Kama hujui tatizo ni nini, unaandika kile unachokiona, "maumivu ya tumbo", na kinakaa hapo mpaka kijulikane. Ukiangalia vizuri, huyu bwana alibuni mfumo wa kufuatilia hitilafu miaka 30 kabla ya Bugzilla, ila wateja wake walikuwa watu.

Na sisi Kenya tuna mahali pa kuanzia. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004, na Eldoret ni kati ya mahali pa kwanza kabisa kuutumia, mwaka 2006. KenyaEMR imejengwa juu yake. Mifumo hii ilikua pamoja na kliniki za VVU, na ilifanya kazi kubwa ambayo siwezi kuidharau. Lakini mfumo uliozaliwa kuhudumia ugonjwa mmoja una mazoea ya kumwona kila anayeingia mlangoni kuwa ni ugonjwa huo mmoja. Fomu zinauliza kwanza habari zake.

Najua wengine mmeshaanza kunijibu kichwani, basi nijibu majibu.

Jibu la kwanza: "Mara nyingi ni ule ugonjwa wa zamani kweli." Kabisa. Mwenye pumu akikosa pumzi, anza na pumu, mpe dawa sasa hivi, usimwache akihangaika huku unafikiria falsafa. Sisemi historia ya mgonjwa ifichwe. Nasema dhana ya kwanza ipewe mtihani. Kama pumu ndiyo sababu, dawa ya pumu itamsaidia ndani ya muda unaojulikana. Isipomsaidia, huo ni ushahidi, na ushahidi haupigwi teke.

Jibu la pili: "Maelezo rahisi ndiyo bora." Sisi wa programu tunapenda sana wembe wa Ockham, yule mtawa Mwingereza wa karne ya 14. Lakini madaktari wana msemo wa kumpinga, unaohusishwa na daktari John Hickam, kwamba mgonjwa ana haki ya kuwa na magonjwa mengi kadiri apendavyo. Kwa mtu wa miaka 60 mwenye kisukari na presha, kuwa na jambo la tatu si ajabu. Na kuwa na kisukari hakumpi mtu kinga ya kidole tumbo.

Jibu la tatu ndilo zito: "Vipimo ni pesa." Ni kweli, na anayelipa mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe, kwa pesa ya kuchangiwa na jamaa. Kumpima kila mtu kila kitu ni wizi wa aina nyingine. Lakini angalia vitu vinavyokosekana mara nyingi ni vipi. Kuuliza, "Hii inafanana na ile ya siku zote?" Kuuliza ilianza lini. Kugusa tumbo. Kuhesabu pumzi kwa dakika moja. Tone la damu la kupima sukari. Vyote hivi ni vya bure au vya bei ndogo, na ndivyo vinavyoonyesha nani anahitaji kipimo cha bei kubwa.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: kama mtu huyu asingekuwa na ule ugonjwa wake, ningemfanyia nini kwa lalamiko hili? Basi afanyiwe hicho, au iandikwe kwa nini hafanyiwi.

Kazi sasa. Kama unaandika mfumo wa kliniki, hata ule mdogo wa zahanati ya shangazi yako, nakuomba uangalie mambo haya:

1. Lalamiko liandikwe kwanza, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, katika sehemu yake. Historia ionekane baada ya hapo. Mzio wa dawa na mambo ya dharura yaonekane daima, hayo hayana mjadala.

2. Ruhusu "haijajulikana". Kuna mifumo isiyokubali kufunga ukurasa mpaka uchague ugonjwa kwenye orodha. Ukimlazimisha mtu aliyechoka achague, atachagua ule uliokwisha kuwamo. Data yako itaonekana nzuri na itakuwa uongo.

3. Kuunganisha lalamiko jipya na ugonjwa wa zamani kuhitaji sababu ya mstari mmoja. "Kwa sababu sukari imepimwa ni 24." Mstari mmoja tu. Ukikosa cha kuandika, umeshajijibu.

4. Weka sehemu ya "hali yake ya kawaida". Kwa mtu asiyesema, au mwenye usonji, aliyemlea ndiye anayejua kwamba kunyamaza kwake leo si kwa kawaida. Uingereza wana kijitabu cha namna hiyo ambacho mgonjwa huenda nacho hospitalini. Kwetu mama yake ndiye kijitabu. Mpe mahali pa kuandikwa.

5. Hesabu marudio. Mtu akirudi mara ya tatu na lalamiko lilelile na halijapata jibu, ukurasa ubadilike rangi. Septemba 2025 Uingereza ilitangaza kanuni ya namna hii kwa madaktari wa mitaani, ikaitwa kwa jina la Jess, msichana wa miaka 27 aliyefariki Desemba 2020 kwa saratani. Alikuwa amewasiliana na kliniki yake zaidi ya mara 20, na kati ya majibu aliyopewa ni kwamba huenda ni mabaki ya korona. Kihesabu cha kufika tatu! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kukiandika.

Wengine mtasema akili bandia itatumalizia haya yote. Inaweza kusaidia. Julai 2025 Penda Health ya Nairobi na OpenAI walitoa utafiti wa ziara 39,849 katika kliniki 15, ambapo programu ilikuwa ikisoma alichoandika mhudumu na kumwashia taa ya kijani, njano au nyekundu. Waliokuwa nayo walipunguza makosa ya utambuzi kwa asilimia 16. Waliofanya utafiti ni wenye chombo chenyewe, kwa hiyo tungoje na wengine waujaribu, lakini wazo la jicho la pili linalosema "hebu subiri" ndilo ninalolitetea hapa.

Ila kumbuka mashine inajifunza kutokana na rekodi zetu. Mwaka 2019 watafiti Marekani walionyesha programu moja iliyotumika hospitalini ikiwaona wagonjwa weusi kuwa wazima kuliko walivyo, kwa sababu ilipima uhitaji kwa pesa zilizokwisha kutumika kuwatibu, na wao walikuwa wametumiwa pesa kidogo. Kama miaka ishirini tumeandika "ni kifafa" kwa kila anayeanguka, mashine itajifunza kwamba kila anayeanguka ni kifafa, na itasema hivyo kwa kujiamini kuliko sisi.

Na wewe usiyeandika programu wala kutibu, lakini una mzazi au ndugu mwenye ugonjwa wa kudumu? Andika kwenye simu yako tarehe ilipoanza na ilivyo tofauti na siku zote. Ukifika, sema polepole, kwa heshima, "Daktari, ya kawaida yake tunaijua. Hii siyo." Ukiambiwa ni ileile, uliza tena kwa heshima, "Na kama asingekuwa na ugonjwa huo, ungeangalia nini?" Daktari mzuri hatakasirika. Mara nyingi atavuta kiti na kuanza kumwangalia upya.

Mimi wiki hii naanza na namba 5, kihesabu. Nitaiweka wazi ili anayetaka aichukue.